Kuruka, Kuvuka na Kukiuka: Lugha ya Kanuni za Vizuizi Michezoni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza tatizo dogo la tafsiri ambalo, kwa maoni yangu, lina mizizi mirefu katika muundo wa kitenzi cha Kiswahili. Tatizo lenyewe ni hili: mtungaji wa kanuni za mchezo atumie kitenzi gani anapomtaka mchezaji kukishinda kizuizi cha mwili, kama vile kiunzi, ukuta, handaki au maji? Swali hili huenda likaonekana jepesi. Nami niliwahi kulidharau, na aliyelipa gharama ya dharau hiyo alikuwa mtoto.

Katika likizo moja nilikuwa Sigor, katika eneo la Chepalungu, Kaunti ya Bomet (si Sigor ile ya Pokot Magharibi). Walimu wa shule moja ya huko waliniomba niwafasirie kanuni za mbio za viunzi na maji ili waamuzi na watoto wazisome kwa lugha moja. Nilizifasiri kwa jioni moja. Kanuni ya tatu niliiandika hivi: “Kila mkimbiaji sharti aruke juu ya kila kiunzi.” Siku ya mashindano, viunzi vilikuwa magogo ya mikaratusi yaliyolazwa juu ya nguzo fupi. Mvulana mmoja alikuwa akiweka unyayo juu ya gogo, akajisukuma, akatua mbele na kuendelea. Akamaliza wa kwanza. Mwamuzi akamwondoa kwa kuwa “hakuruka, alikanyaga.”

Babu wa mvulana alikuwa ameketi karibu nami. Aliinuka akamwendea mwamuzi, akasema kwa upole: “Mwalimu, huyu mtoto amepita wapi kama si juu? Na kama hakuruka, gogo limefikaje nyuma yake?” Mwamuzi akajibu: “Mzee, ni kweli usemayo. Lakini karatasi yasema aruke.”

Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa mvulana yule hakuwa na kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa katika karatasi, na karatasi niliiandika mimi.

2.0 Kiunzi na Kanuni Yake

Kabla ya kuingia katika uchambuzi wa lugha, yafaa tukijue kitu chenyewe kinachozungumzwa. Mbio za mita 3000 za viunzi na maji zilianzia Visiwa vya Uingereza, ambako wapanda farasi, na baadaye wakimbiaji, walishindana kutoka mnara wa kanisa moja hadi mnara wa kanisa jingine, wakivuka kuta za mawe na vijito vilivyokuwa njiani. Viunzi vya leo ni mabaki ya kuta hizo, na kidimbwi ni mabaki ya vijito.

Katika mbio hizi mkimbiaji hukabiliana na viunzi 28 vya nchi kavu na vidimbwi 7 vya maji. Kimo cha kiunzi ni sentimita 91.4 kwa wanaume na sentimita 76.2 kwa wanawake. Kiunzi hiki si kama kile cha mbio fupi ambacho huanguka kikigongwa. Ni boriti nzito isiyotikisika kwa urahisi, yenye upana wa sentimita 12.7 upande wa juu, yaani upana unaotosha unyayo kukanyaga. Kiunzi cha maji, pamoja na kidimbwi chake, kina urefu wa mita 3.66. Maji huwa na kina zaidi karibu na kiunzi, kisha hupungua polepole hadi ukingoni.

Kanuni inayohusu viunzi hivi ina sehemu tatu. Kwanza, mkimbiaji sharti apite juu ya kila kiunzi, na penye kidimbwi apite juu ya maji au ndani yake. Pili, haruhusiwi kukanyaga kando ya kidimbwi, wala kupitisha mguu ubavuni mwa kiunzi ukiwa chini ya usawa wa boriti. Tatu, mambo hayo yakitimizwa, anaweza kukipita kiunzi kwa namna yoyote apendayo. Anaweza kukikanyaga, kukishika kwa mkono, au kukipita bila kukigusa.

Historia ya Kenya katika mbio hizi inaonyesha jinsi uhuru huo wa namna ulivyotumika. Mwaka 1968, katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, Amos Biwott alishinda kwa mtindo ulioshangaza ulimwengu: alijirusha kutoka juu ya kiunzi cha maji akatua ng'ambo bila kulowa. Mwaka 1972 Kipchoge Keino alishinda kule Munich. Tangu ushindi wa Julius Korir mwaka 1984 hadi ule wa Conseslus Kipruto mwaka 2016, medali ya dhahabu ya wanaume katika Olimpiki haikutoka nje ya Kenya, mpaka Soufiane El Bakkali wa Moroko alipoinyakua Tokyo mwaka 2021. Kwa wanawake, mbio hizi ziliingizwa katika Olimpiki mwaka 2008, na kule Tokyo Peruth Chemutai aliipatia Uganda dhahabu. Kama kanuni ingekuwa imefunga namna moja tu ya kukipita kiunzi, Biwott huenda angetolewa uwanjani kabla ya kuvishwa medali.

3.0 Vitenzi Vitatu na Kihusishi Kimoja

3.1 Kuruka

Kitenzi ruka hutaja namna ya mwendo: miguu yote huiacha ardhi. Hakisemi mrukaji amefika wapi. Mtoto aweza kuruka mahali pamoja mara mia asivuke chochote. Kwa hiyo mwamuzi wa Sigor aliposema kwamba aliyekanyaga hakuruka, alikuwa akikisoma kitenzi kwa uaminifu. Kitenzi kilidai namna, naye akaidai namna hiyo.

Lakini ruka kina maana nyingine iliyo kinyume kabisa na shabaha ya kanuni. Msomaji “akiruka mstari” amepita bila kuusoma. Mwalimu “akiruka jina” katika daftari la mahudhurio hakuliita. Hapa kuruka ni kuacha, ni kupita kana kwamba kitu hakipo. Ikiwa hivyo, agizo la “kuruka kila kiunzi” laweza kufahamika kama ruhusa ya kuviacha viunzi vyote!

Huu si mzaha mtupu. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2017 kule London, Beatrice Chepkoech alipitiwa mwanzoni mwa mbio akakipita kidimbwi cha maji kwa nje. Alipotambua, aligeuka, akarudi, akakiruka ipasavyo, kisha akawafukuza wenzake waliokwisha kumwacha. Alimaliza wa nne. Sasa tuseme mtangazaji ametamka: “Chepkoech ameruka maji.” Msikilizaji atajuaje kama ametaja kosa au usahihisho wake? Sentensi hiyo moja ni kweli mara mbili, kwa maana mbili zinazopingana. Chepkoech mwenyewe alilimaliza jambo hilo kwa miguu: mwaka 2018 aliweka rekodi ya dunia ya dakika 8 na sekunde 44.32 kule Monaco, na mwaka 2019 akawa bingwa wa dunia kule Doha.

3.2 Kukiuka

Hali ya kitenzi kiuka ni ya ajabu zaidi. Maana yake ya asili ni kupita juu ya kitu kwa kuinua mguu, kama mtu anavyokiuka gogo lililolala njiani au mtu aliyejinyosha mkekani. Maana iliyoenea leo ni kuvunja sheria, agizo au mwiko. Maana ya pili imetoka katika ya kwanza kwa njia iliyo wazi: sheria ni kama mstari au gogo lililowekwa njiani ili mtu asipite, naye mkaidi huinua mguu akapita. Kwa hiyo mkimbiaji hodari hukiuka kiunzi asikiuke kanuni, na mkimbiaji mjanja anayepita ubavuni hukiuka kanuni asikiuke kiunzi. Kitenzi hiki kinafaa sana kwa mshairi, lakini mtungaji wa kanuni afadhali akiweke mbali na viunzi.

3.3 Kuvuka

Vuka ni kitenzi cha namna nyingine. Hakijali kama mtu ameruka, ametembea, ameogelea au amebebwa mgongoni. Hudai jambo moja tu, yaani kwamba aliyekuwa upande huu sasa yuko upande wa pili. Ndiyo maana twasema “alivuka mto kwa kuogelea.” Tukijaribu kukifanya kitenzi cha namna kibebe mzigo wa njia, tukasema “aliogelea ng'ambo ya mto,” msikilizaji atadhani mtu huyo alikuwa ng'ambo tayari, akawa anaogelea huko.

Tofauti hii inaafikiana na nadharia ya Leonard Talmy aliyoieleza mwaka 1985. Yeye hugawanya lugha kwa kutazama mahali njia ya mwendo inapobebwa. Katika lugha kama Kiingereza, mzizi wa kitenzi hutaja namna ya mwendo, na njia hutajwa na neno dogo linalofuata. Katika lugha kama Kiswahili, njia hukaa ndani ya mzizi wenyewe: ingia, toka, panda, shuka, pita, penya, vuka. Namna huongezwa baadaye ikihitajiwa, aghalabu kwa kitenzi-jina: “kwa kuruka,” “kwa kutambaa.”

Kwa mwanga huu kosa langu laonekana waziwazi. Kanuni ya Kiingereza haikutumia kitenzi cha kuruka. Ilitumia kitenzi cha jumla chenye maana ya kwenda, pamoja na neno dogo la kuonyesha upande wa juu. Mimi nilivutwa na jina la mbio hizi redioni, “mbio za kuruka viunzi,” nikaingiza namna mahali ambapo sheria ilikuwa imeiacha wazi kwa makusudi.

3.4 Juu ya

Kosa la pili lilikuwa katika maneno “juu ya.” Maneno haya hayatenganishi kitu kilichogusana na kingine na kitu kilicho angani. Kikombe kiko juu ya meza, na ndege yuko juu ya mti ama ametua ama anapita. “Aliruka juu ya kiunzi” hukubali tafsiri tatu: alijirusha akatua juu yake, alipita hewani akakiacha nyuma, au alikuwa akirukaruka hali amesimama juu yake. Katika tafsiri ya kwanza mvulana wetu ametii kanuni, katika ya pili ameivunja. Mwamuzi alichagua ya pili, wala hakuna neno lolote katika karatasi lililomwonyesha kuwa amekosea.

3.5 Swali la babu

Napenda kuongeza neno juu ya swali la yule babu. Katika lugha za Kikalenjin, ambazo Kikipsigis ni mojawapo, kitenzi huweza kupokea kiambishi cha kuonyesha kama mwendo unamjia msemaji au unamwacha. Mambo ya lugha hizi yamechunguzwa na wengi, akiwamo marehemu Taaitta Toweett, ambaye mwaka 1979 alichapisha uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin. Sithubutu kudai kwamba sarufi ya lugha ya mama ndiyo iliyolizaa swali la mzee, maana mtu yeyote mwenye akili timamu angeweza kuliuliza. Ila natambua kwamba yeye aliuliza gogo liko upande gani wa mtoto, hali sisi tuliosoma tulikuwa tukiuliza miguu ya mtoto ilifanya nini. Swali lake ndilo lililokuwa swali la kanuni.

4.0 Mfano wa Mchezo wa Mezani

Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya pili, wanafunzi wenzangu walinikaribisha katika mchezo wa masimulizi unaochezwa mezani. Maarufu kuliko yote ya aina hiyo ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji hushika nafasi ya mhusika mmoja. Msimulizi huwaeleza mahali walipo na yanayowakabili, wachezaji husema watakalofanya, na penye shaka dadu hutupwa. Hakuna anayeinuka kitini. Kuta hukwewa na mito huvukwa kwa maneno peke yake.

Hapa ndipo penye faida kwa mtaalamu wa lugha. Uwanjani, kanuni ikiandikwa vibaya, macho ya mwamuzi huweza kuisaidia. Mezani hakuna cha kutazama. Yote yaliyomo ni lugha, kwa hiyo kanuni hulazimika kutenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Katika toleo la mwaka 2014, kwa mfano, mambo matatu hutengwa.

La kwanza ni shabaha: mchezaji husema anataka kuwa wapi. La pili ni njia: husema atafikaje huko, kwa kuruka, kukwea au kuogelea. Kila njia ina bei yake. Anayekwea hutumia futi mbili za mwendo wake kwa kila futi moja anayopanda. Anayeruka mbali baada ya kukimbia futi 10 huweza kuvuka futi zilizo sawa na tarakimu ya nguvu zake, na asipokimbia huvuka nusu yake. Mhusika mwenye nguvu 12 huvuka futi 12, yaani takriban mita 3.66, nao ndio urefu wa kiunzi cha maji cha uwanjani! La tatu ni shaka. Jambo lililo ndani ya uwezo wa mhusika hutendeka bila dadu. Lenye shaka hupewa kiwango cha ugumu: 10 kwa jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Mchezaji hutupa dadu ya nyuso 20 na kuongeza nyongeza ya uwezo wake. Mwenye nyongeza ya 3 anayekabili ugumu wa 15 huhitaji kupata 12 au zaidi, basi nyuso 9 kati ya 20 humpitisha.

Nilijaribu kuzieleza kanuni hizi kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi wangu, nikaona kwamba mpangilio wake unaoana na mpangilio wa sentensi yetu. “Nataka kuvuka handaki kwa kuruka”: vuka ni shabaha, kwa kuruka ni njia. Mchezaji akisema “nataka kuruka handaki,” msimulizi hulazimika kumwuliza anataka nini hasa, kwani aweza kuwa anataka kulizunguka.

5.0 Gharama ya Kushindwa

Huenda mtu akadhani kwamba utaratibu huu wa kanuni ni mgeni kwetu. Sivyo. Tuutazame mchezo wa vitendawili. Mtegaji husema “Kitendawili,” hadhira hujibu “Tega.” Wakishindwa kukifumbua, mchezo hausimami. Mtegaji hudai mji, hupewa, kisha hufumbua fumbo lake na mwingine hutega. Kushindwa kuna bei, na bei hiyo ikilipwa njia hufunguka.

Kanuni hiyohiyo imo katika methali isemayo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii ni kanuni kamili ya kizuizi: imetaja shabaha (cha mvunguni), imetaja kizuizi (kitanda), na imetaja bei ya mwili (kuinama). Mezani, mhusika anayeanguka kutoka juu hupata madhara kwa kila futi 10 alizoanguka, kisha masimulizi yakaendelea. Uwanjani, Chepkoech alilipa kwa sekunde alizopoteza akirudi, kisha akaendelea na mbio. Kwa hiyo kanuni nzuri ya kizuizi haina budi kutaja pia bei: aliyekiacha kiunzi aweza kurudi, au ndiyo mwisho wake? Karatasi yangu haikusema lolote kuhusu hilo.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na yaliyoelezwa, napendekeza mambo manne kwa watungaji na wafasiri wa kanuni za michezo.

(i) Kitenzi kikuu cha kanuni kiwe cha njia, si cha namna. Vuka na pita vitangulizwe. Ruka, kwea na kanyaga vije nyuma kama maelezo.

(ii) Pale ambapo namna imeachwa huru, uhuru huo utajwe waziwazi. Mwamuzi mwenye hofu ya kukosea hudhani kwamba lisilotajwa limekatazwa.

(iii) “Juu ya” isiachwe peke yake. Iongezewe maneno ya kuonyesha kama kugusa kunaruhusiwa.

(iv) Kiuka kitumike kwa sheria tu, na kisitumike kwa kiunzi katika maandishi ya kanuni.

Kwa kufuata hayo, kanuni ya tatu sasa inasomeka hivi: “Mkimbiaji sharti avuke kila kiunzi kwa kupita upande wake wa juu. Anaweza kukigusa au kukikanyaga, au akapita bila kukigusa. Asipitishe mguu ubavuni mwa kiunzi chini ya usawa wa boriti. Aliyekipita kiunzi kwa kando aweza kurudi akakivuka kabla ya kuendelea, asiporudi, ameondolewa.” Kanuni imekuwa ndefu takriban mara tano kuliko ile ya kwanza. Sioni haya kwa urefu huo. Ufupi wa ile ya kwanza ulikuwa deni, na deni hilo alilipishwa asiyelikopa.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuelezea jinsi mwili unavyoshinda kizuizi. Kinayo mengi, na kila moja lina wajibu wake. Upungufu ulikuwa kwa mfasiri aliyechukua neno lililozoeleka masikioni badala ya kuuliza kanuni inadai nini. Vitenzi vya namna vina uzuri wake katika masimulizi na utangazaji, na sikusudii kuwanyima watangazaji jina la mbio ambalo wananchi wamelizoea. Lakini jina la mbio si kanuni ya mbio.

Karatasi mpya niliipeleka Sigor mwenyewe. Mwamuzi yule yule aliisoma mara mbili, akaniuliza kama mtoto anaruhusiwa kuweka mikono yote miwili juu ya gogo. Nikamjibu kwamba anaruhusiwa. Akaniuliza tena: “Basi yule wa mwaka ule hakuwa na kosa?” Nikamwambia kwamba hakuwa nalo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni vizuri mtoto akasikie maneno hayo kutoka kwangu, kwa kuwa yeye alikuwa ameyasoma tu yaliyoandikwa. Nilikwenda nyumbani kwao jioni hiyo pamoja naye, nikasema niliyopaswa kusema mbele ya babu yake.

Ni matumaini yangu kwamba wataalamu wenzangu wataendeleza uchunguzi huu, hasa kwa kulinganisha vitenzi vya njia katika lugha nyingine za Kibantu na za Kinailoti, na kwamba watayakosoa mapendekezo haya pale yanapostahili kukosolewa.